Mikia ya Gerlache: kumbukumbu za siku kumi na moja

Siku ya 1

Tumeng'oa nanga Ushuaia, mji wa kusini kabisa mwa Argentina, saa kumi na mbili jioni. Maji ya Mlango wa Beagle yametulia, milima imevaa theluji pande zote mbili, na mimi nimesimama omo na kamera shingoni ingawa najua leo sitapiga kitu. Nimeshindwa kukaa chumbani.

Kazi iliyonileta ni moja: kupiga picha mikia ya nyangumi nundu kwenye Rasi ya Antaktiki, kuandika kila mkia ulionekana wapi na lini, kisha kuzituma picha kwenye hazina ambako zitalinganishwa na za mikia mingine kutoka bahari zote. Tuko wawili. Mwenzangu ni mama mwenye umri wa kunizaa, mtafiti anayetazama mikia tangu enzi za filamu na karatasi, aliyejifunza Kiswahili alipokuwa akifuatilia nyangumi wa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Namwita Mama, naye ananiita mwanangu. Swali lake la kwanza halikuhusu lenzi niliyobeba. Aliniuliza, "Saa ya kamera umeipanga?" Nikajibu ndiyo.

Kuna jambo ambalo sijamwambia, acha niliandike hapa. Nyangumi dume mmoja alipigwa picha pwani ya Pasifiki ya Colombia mwaka 2013, akapigwa tena jirani na hapo mwaka 2017, halafu mwaka 2022 mkia ule ule ukainuka katika Mkondo wa Zanzibar. Kati ya ncha hizo mbili ni kilomita 13,046, ukipima kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2024. Mnyama yule hakufungwa chombo chochote mwilini. Alitambuliwa kwa mkia tu. Na nyangumi wa Colombia huja kula huku huku tunakokwenda. Tangu nisome habari ile nimekuwa nikitamani niupate mimi mkia mwingine wa namna hiyo, na kwenye kompyuta yangu nimebeba folda nzima ya mikia kutoka upande wetu wa bahari.

Siku ya 2 na ya 3

Mkondo wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika ya Kusini na Antaktiki. Upana wake ni kama kilomita 800, na hakuna nchi kavu ya kuyavunja mawimbi upande wowote. Siku ya pili sikula. Siku ya tatu nilijikongoja hadi chumba cha mikutano, ambako Mama alikuwa amebandika picha mezani kwa utepe wa gundi zisiteleze, na somo likaanza huku meli ikilala ubavu huu na kuinukia ubavu ule.

Mkia wa nyangumi nundu una mabawa mawili yaliyoachana katikati kwa mpasuko, na upana wake kutoka ncha hadi ncha ni kama theluthi moja ya urefu wa mnyama mwenyewe. Tunachokitafuta ni upande wa chini, ule unaogeuka kukutazama mnyama anapozama. Kuna mikia iliyo myeupe karibu yote, kuna iliyo myeusi tititi, na katikati yake kuna kila aina ya mchanganyiko: madoa, michirizi, vitu kama wino uliomwagika. Watafiti huigawa katika madaraja matano kutoka weupe hadi weusi, ili mtu mwenye mkia mweusi asipoteze siku nzima akipekua mikia myeupe.

"Rangi inakupunguzia kazi," Mama alisema. "Ukingo ndio unaokata shauri."

Ukingo anaousema ni ule wa nyuma, wenye meno meno kama msumeno uliochakaa. Kila jino lina umbo lake, na mpangilio wa meno hayo haufanani kati ya nyangumi wawili. Unausoma kama mstari wa maandishi, kutoka ncha ya kushoto hadi mpasuko, kisha kutoka mpasuko hadi ncha ya kulia. Juu ya hayo yanakuja makovu. Mistari iliyokwenda sambamba kama mikwaruzo ya uma ni meno ya nyangumi wauaji. Mara nyingi mnyama aliipata akiwa mtoto. Miduara midogo imeachwa na viumbe wa magamba wanaong'ang'ania ngozi. Ndama ndio wenye shida, maana rangi ya mikia yao huendelea kubadilika katika miaka ya mwanzo.

Nilimuuliza kama nyangumi wote hutambuliwa hivi. La. Nyangumi wa manii nao huinua mkia, lakini wao ni weusi tu, kwa hiyo unabaki na ukingo peke yake. Nyangumi bluu husomwa kwa mabaka ya ubavuni. Nyangumi wauaji hutambuliwa kwa pezi la mgongoni na baka la kijivu nyuma yake. Michael Bigg na wenzake walilionyesha hilo huko British Columbia miaka ya 1970. Miaka hiyo hiyo Steven Katona na wenzake, pale Bar Harbor katika jimbo la Maine, walianza kukusanya mikia ya nyangumi nundu wa Atlantiki ya Kaskazini, na huko Alaska Charles Jurasz alikuwa akiipiga picha. Dume aliyepigwa picha na Jurasz mwaka 1972 alionekana tena Alaska mwaka 2024. Watafiti wanamwita Old Timer. Picha hizo mbili zimetengana kwa miaka 52, na bado mkia ni ule ule.

Zamani Mama alilinganisha kwa macho, picha moja kwa zote zilizomo kabatini. Siku hizi kazi ya kwanza inafanywa na kompyuta. Hazina iitwayo Happywhale, iliyoanzishwa na Ted Cheeseman mwaka 2015, inapokea picha za mtu yeyote, awe mtafiti au abiria, na programu yake ilitokana na mashindano ya wataalamu wa kompyuta yaliyokwisha mwaka 2019. Picha ikiwa nzuri, hupatia mara 97 hadi 99 kati ya 100. Nilidhani Mama ataisikitikia kabati yake. Alisema tu kwamba kama angekuwa nayo akiwa kijana, angekuwa amelala zaidi.

Siku ya 4

Kisiwa cha Deception. Ni volkano iliyobomoka upande mmoja, na meli hupita kwenye ufa huo na kuingia tumboni mwake. Pwani ni ya mchanga mweusi unaofuka mvuke. Mabirika ya chuma ya kuchemshia mafuta ya nyangumi bado yamesimama, yamekula kutu, makubwa kama nyumba. Kiwanda kilifanya kazi hapa tangu 1912 hadi 1931.

Katika karne ya 20 nyangumi nundu zaidi ya 200,000 waliuawa kusini mwa dunia. Walikuja kulindwa mwaka 1963, wakati walikuwa wamebaki wachache mno.

Hapa Mama alinieleza jambo ambalo limenikaa rohoni kutwa nzima. Kabla ya picha za mikia, wanasayansi waliotaka kujua nyangumi huenda wapi walitumia bunduki kuwachoma alama ya chuma, kijiti chenye nambari na anwani. Uingereza ilikuwa ikifanya hivyo miaka ya 1930. Kijiti hakikuonekana kwa nje. Kilipatikana akishauawa na kukatwakatwa, wakati mwingine kikiokotwa ndani ya birika, na aliyekirudisha alilipwa pauni moja. Maana yake ni kwamba kila nyangumi waliyejua alikotoka na alikofika alikuwa amekufa. Niliweka kiganja kwenye chuma cha birika. Kilikuwa baridi, na kutu ilinibaki kwenye glavu.

Siku ya 5

Mlango wa Gerlache, ule mkono wa bahari kando ya Rasi ya Antaktiki! Saa mbili na dakika kumi asubuhi niliona pumzi ya kwanza, mvuke mweupe uliosimama hewani mbele ya ukuta wa barafu. Tuliteremsha boti ya mpira.

Nikiri kwamba nilikosa karibu zote. Nyangumi akipumua juu juu hainui mkia. Anaonyesha mgongo na lile pezi dogo lenye nundu, kisha anapotea kidogo na kurudi. Mkia huja anapokwenda chini kweli. Dalili zake ni hizi: pumzi moja nzito kuliko nyingine, mgongo unapinda juu kama upinde, halafu shina la mkia linatoka. Hapo una sekunde tatu hivi. Na lazima uwe nyuma yake. Ukiwa ubavuni unapata kisu chembamba cheusi, ukiwa mbele unapata upande wa juu usio na maana kwetu. Mwendesha boti wetu, kijana mtulivu sana, hakuwafukuza hata mara moja. Alisoma mwelekeo wao, akatuweka nyuma kwa mbali, akazima injini, tukangoja.

Leo wamezama mara 17 mbele ya macho yetu. Picha za kufaa ni nne. Nyingine zina maji yanayochuruzika mbele ya ukingo, au mkia umekatwa na fremu, au zimetikisika. Mama amenifundisha kupiga picha ya kiganja changu kila tunapohama kutoka kundi moja kwenda jingine, ili jioni nijue picha za nani zimeishia wapi. Kila asubuhi pia tunapiga picha ya kioo cha GPS kinachoonyesha saa. Sikuona sababu, ila nilitii.

Siku ya 6

Ghuba ya Wilhelmina. Mwaka 2009 watafiti walihesabu humu nyangumi nundu 306 waliofuata wingu kubwa la krili, wale uduvi wa baridi ambao ndio chakula chao. Leo sikuhesabu. Kila nilikogeuza uso kulikuwa na pumzi.

Wawili walikuwa wamelala juu ya maji kama magogo, wakipumua polepole. Tulizima injini mbali nao. Baada ya dakika kama ishirini waliamka, nao wakaja wenyewe. Mmoja alipita chini ya boti. Nilimwona kwanza kwa yale mapezi yake marefu ya mbele, yanayong'aa kijani kibichi ndani ya maji, kisha mwili ukafuata, na ukaendelea kufuata, hauishi. Aliibukia upande wa pili na kutoa pumzi. Harufu yake ni ya samaki waliooza. Matone yalinipata usoni na kwenye lenzi, na kwa muda sikuweza kupiga wala kusema chochote. Mwendesha boti alikuwa amevua kofia.

Huyo wa pili ndiye ninayetaka kumwandika. Ilikuwa kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, jua likiwa chini na mwanga ukija kutoka nyuma yetu. Alipumua mara nne, ya tano ikawa nzito. Mgongo ukapinda. Mkia ukapanda taratibu kuliko mingine yote ya leo, maji yakatiririka kutoka ukingoni kama pazia na pazia likakatika, na kwa nafasi ya pumzi moja niliuona mzima, umesimama wima, umetugeukia. Nilisikia kamera yangu ikipiga mfululizo. Kisha ukateleza chini bila kishindo, ukaacha duara la maji laini kama mafuta, na duara hilo likabaki hapo muda mrefu.

Usiku nimeuchora kwa mkono. Ni mkia wa daraja la kati. Bawa la kulia lina doa jeusi lenye umbo la jani. Bawa la kushoto lina mistari mitano ya meno karibu na ncha, na ukingo wake una mapengo mawili: moja refu kama herufi V, jingine dogo kando yake. Nyama imekatika kabisa hapo. Niliangalia mchoro ule na moyo ukanidunda, kwa sababu doa la jani nililifahamu.

Siku ya 7

Upepo. Hakuna boti iliyoteremshwa, na tumekaa ndani kupanga picha.

Kwanza, kosa langu. Mama aliona kwamba nyangumi mwenye mapengo, tuliyemwona jana jioni, ameandikwa kwenye picha tarehe ya leo, dakika arobaini baada ya saa sita usiku. Saa ya kamera yangu ilikuwa sahihi, lakini ni saa ya nilikotoka, mbele ya ya meli kwa saa sita. Siku ya kwanza nilijibu ndiyo bila kufikiri. Kama picha zingetumwa hivyo, mnyama angeingia kwenye kumbukumbu akiwa katika ghuba ya Wilhelmina siku ambayo sisi wenyewe hatukuweza kuwepo, na mtu wa baadaye angejenga hesabu zake juu ya uongo wangu. Tukazitoa zile picha za kioo cha GPS, tukapata tofauti kamili: saa 6, dakika 1 na sekunde 20. Tukarekebisha kila kitu. Ilichukua asubuhi nzima na Mama hakuninung'unikia.

Mchana nilifungua ile folda yangu. Doa la jani lilikuwemo, kwenye picha ya mwaka 2011 kutoka magharibi mwa Bahari ya Hindi. Niliweka picha mbili ubavu kwa ubavu. Doa lile lile, upande ule ule. Mistari ya meno pia ipo, nikahesabu mitano. Nikazipindua, nikaziongeza mwanga, nikalinganisha meno ya ukingo moja baada ya jingine, na kila jino lililokataa nilililaumu maji, au pembe ya kamera, au miaka iliyopita. Ilipita saa nzima. Mikono ilikuwa ikinitetemeka nilipomwita Mama.

Alivaa miwani, akainama. Hakuangalia doa hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa bawa la kulia, karibu na mpasuko.

"Hapa kuna nini?"

Kwenye picha ya 2011 palikuwa na kipande kilichotoka, nusu duara, kama mtu aliyeuma mkate. Kwenye picha yetu pale pale palikuwa na kivuli. Nilikuwa nimejiambia kwamba kipande kimefichwa na kivuli. Mama akafungua picha iliyofuata katika ule mfululizo, iliyopigwa sehemu ndogo ya sekunde baadaye, kivuli kimesogea. Ukingo ulikuwa mzima, jino baada ya jino.

"Mwanangu, nyama ya ukingoni ikikatika haioti tena. Mapengo mawili ya kushoto angeweza kuyapata baada ya 2011, hilo sina neno nalo. Lakini hili la kulia lilikuwepo wakati ule na sasa halipo. Muda haurudi nyuma."

Nilinyamaza. Akavuta kiti, akaniuliza kwa nini nilimtaka huyu. Nikamweleza habari ya dume wa Colombia na Zanzibar. Alicheka kwa upole, akasema hata yeye alipoisoma habari ile alisimama kwenye kiti. Kisha akanipa utaratibu ambao naufuata kuanzia leo: ukilinganisha, ficha kwanza mahali picha ilikopigwa. Nimebandika kikaratasi kwenye kona ya kioo cha kompyuta, pale ambapo jina la mahali hutokea.

Siku ya 8

Bandari ya Paradise, maji kama kioo. Nyangumi jike na ndama wake. Ndama haujui bado mkia wake. Anauinua nusu, anautupa ubavuni, anazama bila kuuonyesha. Mama yake alizama mara tatu na nikampata mara tatu. Ndama nimempata pezi la mgongoni tu, pande zote mbili, na imeandikwa hivyo.

Siku ya 9 na ya 10

Drake tena, safari hii kwa huruma. Tumemaliza hesabu: wamezama mara 61, picha za kufaa 38, na baada ya kuondoa waliojirudia tuna nyangumi 23. Kila mmoja ana picha yake bora, saa, latitudo na longitudo. Abiria wengine nao wametuletea zao. Bibi mmoja alikuwa na mkia kwenye simu yake, mdogo lakini ukingo unasomeka, wa nyangumi ambaye sisi hatukumwona kabisa. Wamekuwa 24.

Mama alinisimulia habari ya jike aliyepigwa picha Brazili mwaka 1999 na kuonekana Madagascar mwaka 2001, zaidi ya kilomita 9,800. Picha ya Madagascar ilikuwa ya mtalii. Nilimpelekea bibi yule habari hiyo wakati wa chakula.

Siku ya 11

Ushuaia. Intaneti ya melini ilikuwa haitoshi, kwa hiyo tumekaa na kompyuta karibu na gati, mizigo miguuni, na kutuma picha zote 24. Majibu ya kwanza yamekuja kabla hatujaagana, na Mama ameyakagua moja moja kwa jicho kabla ya kuyakubali. Tisa wanajulikana. Wawili kati yao waliwahi kupigwa picha Ecuador, mmoja Panama. Mkia wa simu ya bibi haujulikani; ni mpya, umepewa nambari, na nimemwandikia bibi nambari hiyo kwenye karatasi.

Wa mapengo mawili alikuwa wa mwisho. Nilikuwa nimekiacha kikaratasi kwenye kona ya kioo. Picha ya zamani ilipofunguka nilianzia ncha ya kushoto, nikaenda jino kwa jino. Mistari mitano ipo. Pengo la V lipo, kingo zake zikiwa kali, kama lilitoka kukatika. Pengo dogo halipo. Pale pana jino zima. Mpasuko unalingana. Bawa la kulia linalingana hadi jino la mwisho, na doa la jani lipo. Nikamwambia Mama ni yeye, na kwamba pengo dogo amelipata baadaye.

"Toa karatasi," akasema.

Nikaibandua. Mlango wa Gerlache, 2016, picha ya abiria.